Edward P. Jones na Riwaya Iliyokaa Kichwani Miaka Kumi

Katika hadithi fupi iitwayo The First Day, mama mmoja wa Washington, D.C. anamwandaa binti yake kwa siku ya kwanza ya shule: anamsuka nywele, anamvisha nguo na viatu vipya, kisha anamshika mkono na kutoka naye. Shule anayoitaka mama, iliyo mkabala na kanisa lake, inawakataa kwa kuwa nyumba yao iko nje ya mpaka wake. Katika shule ya pili anapewa fomu ya kujaza. Anaitazama, anamwendea mwanamke mwingine aliye ukumbini na kumwomba amsaidie, na yule asipotambua mara moja ombi linahusu nini, inambidi mama aseme waziwazi kwamba hajui kusoma wala kuandika. Mtoto anasikia. Hakuna jambo jingine kubwa linalotokea katika hadithi hiyo fupi. Mama anaondoka, na binti, ambaye sasa ni mtu mzima anayekumbuka, anatuambia kwamba bado anausikia mlio wa viatu vya mama yake ukizishinda kelele zote za shule ile.

Mwandishi wa hadithi hiyo, Edward P. Jones, alizaliwa mjini humo humo tarehe 5 Oktoba 1950, na mama yake mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika. Aliwalea watoto wake bila baba nyumbani, kwa ujira wa kuosha vyombo mikahawani na kusafisha vyumba vya hoteli. Walihama nyumba hadi nyumba, hivi kwamba Jones alipofikisha umri wa miaka 18 walikuwa wamekwisha kuhama mara 18. Mtoto anayelelewa namna hiyo hapati mtaa wa kuuita wake, lakini huenda akaujua mji mzima kuliko wenye nyumba zao, na ndivyo ilivyotokea: katika hadithi za Jones mitaa hutajwa kwa majina na namba za milango, kona kwa kona, kwa usahihi wa mtu wa posta aliyetembea njia hizo maisha yake yote.

Mtu huyu ametoa vitabu vitatu tu. Lost in the City, mkusanyiko wa hadithi fupi, ulitoka mwaka 1992. The Known World, riwaya yake pekee, ikatoka mwaka 2003. Na All Aunt Hagar's Children, mkusanyiko mwingine wa hadithi fupi, ukatoka mwaka 2006. Hata hivyo, gazeti la New York Times lilipowauliza mamia ya waandishi na wahakiki, mwaka 2024, wataje vitabu bora vilivyochapishwa tangu mwaka 2000, riwaya hiyo moja ilishika nafasi ya nne, na hakuna riwaya nyingine ya Mmarekani iliyoitangulia. Msomaji ana haki ya kuuliza jambo hilo limewezekanaje, hasa akijua kwamba kwa karibu miaka 19 mwandishi huyu alipata mkate wake katika jarida la masuala ya kodi. Nami naamini kwamba jibu lake haliwezi kutenganishwa na fomu ile iliyokuwa mkononi mwa mama, kwa sababu kazi yote ya Jones, nikiisoma kwa utulivu, naiona ikirudi kwenye swali moja: karatasi inajua nini juu ya mtu, na mtu anabeba nini ambacho karatasi haikuwahi kukiandika.

Hadi alipokuwa na miaka kama 13, Jones alisoma zaidi vitabu vya katuni. Baadaye akapata nafasi katika chuo cha Holy Cross, mjini Worcester, Massachusetts, alikohitimu mwaka 1972, na huko mambo mawili yalimwingia kichwani yasitoke tena. La kwanza ni kitabu cha hadithi fupi cha James Joyce, mwandishi wa Ireland, kuhusu watu wa mji wake wa Dublin. Jones alipokuwa akikisoma, aliwaza kwamba wanafunzi wenzake waliufahamu mji wake kwa Ikulu na Bunge tu, kana kwamba hakuna watu wanaolala na kuamka humo, wanaokwenda kanisani Jumapili na kugombana na majirani Jumatatu. Akaazimia kwamba siku moja angewafanyia Weusi wa Washington kile ambacho Joyce aliwafanyia watu wa Dublin. La pili lilikuwa habari ndogo aliyoipata masomoni, kwamba katika Marekani ya enzi za utumwa walikuwepo watu Weusi waliomiliki watumwa Weusi. Habari hiyo ilimshangaza, akaiweka akiba.

Miaka iliyofuata haikuwa myepesi. Mama yake alifariki mwaka 1975, na kwa muda Jones alikosa hata mahali pake pa kulala, akawa anategemea nyumba ya hifadhi ya watu wasio na makazi. Mwaka 1976 jarida la Essence likachapisha hadithi yake ya kwanza. Alisomea shahada ya uzamili ya uandishi katika Chuo Kikuu cha Virginia, akaimaliza mwaka 1981, na muda si mrefu baadaye akaingia Tax Notes, jarida linalosomwa na wanasheria na wahasibu, ambako kazi yake ilikuwa kusahihisha prufu na kufupisha habari za kodi. Alikaa huko mpaka nywele zikaanza kuota mvi.

Kitabu chake cha kwanza kina hadithi 14, zilizopangwa kwa umri wa wahusika wakuu, kuanzia mtoto hadi mzee. Ile inayofungua, The Girl Who Raised Pigeons, inamhusu msichana Betsy Ann, aliyefiwa na mama akiwa mchanga, anayefuga njiwa juu ya paa la nyumba wanayoishi. Baba yake hakuwataka njiwa hao. Alikubali shingo upande, na baada ya kukubali akajipa kazi ambayo hakumwambia mtu: kila alfajiri, mtoto akiwa bado amelala, anapanda juu ya paa kukikagua kibanda, ili akikuta njiwa aliyekufa usiku amwondoe, binti yake asije akawa wa kwanza kumwona. Jones halisemi neno upendo. Anamwonyesha baba akipanda ngazi gizani, anasafisha kibanda, anarudi chini, na siku nyingine anapanda tena. Kitabu hicho kilipata tuzo ya PEN/Hemingway na kufika orodha ya mwisho ya National Book Award. Sifa hazikumwondoa Jones kwenye meza ya kodi, na miaka 11 ikapita kabla kitabu cha pili hakijaonekana.

Yaliyotokea katika miaka hiyo 11 yamesimuliwa na wengi kama miujiza, nami napendelea kuyaeleza kama kazi. Jones alinuia kuandika riwaya juu ya bwana Mweusi wa watumwa. Kama mtu makini alivyopaswa, aliorodhesha na kukusanya vitabu kama 40 vya historia ya utumwa ili avisome kwanza. Vitabu vikakaa rafuni mwaka baada ya mwaka, naye hakuvisoma, isipokuwa kurasa chache za kimoja. Lakini wakati utafiti ukisubiri, watu wa riwaya hawakusubiri. Alipokuwa akienda dukani, akipanda basi au akikaa nyumbani kwake Arlington, ng'ambo ya mto Potomac kutoka Washington, walikuwa wakizungumza, wakioana, wakizikana, na yeye akiwahifadhi. Baada ya miaka kumi hivi alikuwa na kurasa 12 tu zilizoandikwa, lakini kichwani alikuwa na kaunti nzima. Mwishoni mwa mwaka 2001 alichukua likizo, akaamua kuachana kabisa na vile vitabu 40 na kuanza kuandika. Januari 2002, likizo ikiwa inaelekea ukingoni, akapigiwa simu na kuarifiwa kwamba nafasi yake ya kazi imeondolewa. Aliendelea kuandika, na baada ya takriban miezi mitatu rasimu ya kwanza ilikuwa imekamilika.

Msomaji wa Kiswahili hana sababu ya kulishangaa sana jambo hili. Malenga wetu wengi walitunga kichwani kwanza, wakaupima mstari kwa ulimi na kumbukumbu, na karatasi ikaja nyuma kama karani. Kinachoshangaza kwa Jones ni ukubwa wa alichokibeba, kwa kuwa The Known World ina makumi ya wahusika, na kila mmoja ana waliomzaa, alichokipoteza na namna atakavyokufa. Mtu aliyelelewa na mama asiyeweza kuandika hata orodha ya vitu vya kununua sokoni alijifunza mapema, nadhani, kwamba kichwa ndicho daftari.

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe, yaani Mweusi anayemmiliki Mweusi, kwa sababu bila kulifungua riwaya hii itasomwa vibaya, kama kashfa au kama utetezi, nayo si mojawapo.

Kiswahili cha zamani kinatupa neno la kuanzia: mwungwana. Kabla ya kumaanisha mtu mwenye adabu, lilimaanisha mtu asiye mtumwa. Katika jimbo la Virginia, mpaka kati ya mtumwa na mwungwana ulichorwa na sheria, na sheria hizo zilibadilishwa mara nyingi kwa hofu na kwa faida. Mwaka 1662 iliamuliwa kwamba mtoto afuate hali ya mama yake, hivyo mtoto wa mjakazi akawa mtumwa hata kama baba yake ndiye mwenye shamba. Mwaka 1782 mabwana waliruhusiwa kuwaacha huru watumwa wao kwa hati, na maelfu ya watu wakapata uhuru kwa njia hiyo. Mwaka 1806 mlango ukarudishwa: mtumwa aliyeachwa huru alitakiwa kuondoka Virginia ndani ya miezi 12, la sivyo angeweza kukamatwa na kuuzwa upya.

Tumfikirie basi seremala Mweusi aliyekwisha kuununua uhuru wake kwa kazi za usiku na za siku za mapumziko, halafu kwa miaka mingine mingi akakusanya fedha za kumnunua mke wake. Siku anapomlipa bwana, mke anakuwa mali ya mume. Akimwandikia hati ya uhuru, baada ya mwaka mmoja mke atalazimika kuhama jimbo au kurudi mnadani. Asipomwandikia, mke anabaki nyumbani, anapika, anazaa, anazeeka na mumewe, ila katika daftari la kaunti mume ni bwana na mke ni mtumwa wake. Karatasi ndiyo iliyosema uongo ili watu wakae pamoja.

Mwanahistoria Carter G. Woodson aliipekua sensa ya mwaka 1830 na kuchapisha matokeo yake mwaka 1924. Alikuta Weusi huru zaidi ya 3,700 walioandikwa kuwa na watumwa zaidi ya 12,000, wakati nchi nzima ilikuwa na watumwa zaidi ya milioni mbili. Woodson aliamini kwamba wengi wa mabwana hao walikuwa waume, wake na wazazi wa aina ya seremala wetu. Lakini hawakuwa wote. Huko South Carolina, William Ellison, aliyezaliwa mtumwa na kuwa fundi wa mashine za kuchambua pamba, alihesabiwa mwaka 1860 akiwa na watumwa 63, na hao hawakuwa jamaa zake. Walikuwa nguvu kazi, kama walivyokuwa kwa jirani yake mzungu. Sheria iliyomlazimisha baba kuitwa bwana wa mwanawe ndiyo hiyo hiyo iliyompa mwana nafasi ya kuwa bwana wa wengine, na riwaya ya Jones imejengwa hasa juu ya hatua hiyo moja, kutoka kwa baba hadi kwa mwana.

Baba ni Augustus Townsend, mchongaji wa samani na bakora zenye nakshi, katika kaunti ya Manchester, Virginia, ambayo huwezi kuikuta kwenye ramani yoyote kwa kuwa Jones aliibuni. Augustus anajinunua mwenyewe, halafu anamnunua mkewe Mildred, na mwisho mtoto wao Henry. Lakini kumnunua mtu mmoja baada ya mwingine huchukua miaka, na katika miaka hiyo ya kungoja Henry anakulia kwa bwana wake mzungu, William Robbins, tajiri kuliko wote kaunti nzima. Anamngojea kando ya njia, anashika hatamu za farasi wake, anamtengenezea viatu vizuri, na polepole moyo wa mtoto unamhamia bwana. Wazazi wanapompata hatimaye, wamechelewa. Henry anapokuwa kijana anamnunua mtumwa wake wa kwanza, Moses, kwa msaada wa Robbins.

Kuna tukio moja ambalo kwangu ndilo kitovu cha kitabu. Henry na Moses wanajenga pamoja nyumba ya Henry, wamechoka, wana furaha, na wanaanza kupigana mieleka ya mchezo wakigaragara mavumbini kama ndugu wawili. Robbins anafika juu ya farasi na kuwaona. Anamwita Henry kando na kumfundisha, kwa utulivu wa mtu anayedhani anafanya wema, kwamba sheria itamlinda kama bwana ikiwa tu yeye mwenyewe atakumbuka kuwa ni bwana, na kwamba akiupuuza mstari ule, sheria nayo itampuuza. Henry anarudi kwa Moses, na muda mfupi baadaye anampiga kofi. Hapo ndipo bwana anapozaliwa, si siku ya kulipa fedha. Habari zinapowafikia wazazi kwamba mwana wao amenunua mtu, Augustus anachukua bakora mojawapo alizozichonga na kumpiga nayo begani mpaka bega linavunjika, ili aonje alichokionja mtumwa. Na Henry anaitwaa ile bakora, anaivunja, na kumjibu baba yake kwamba hivyo ndivyo anavyojisikia bwana.

Riwaya inaanza mwaka 1855, jioni ya kifo cha Henry, mwenye umri wa miaka 31 na watumwa 33. Moses, ambaye sasa ni nyapara wa wajoli wake, amebaki shambani peke yake baada ya wengine kuruhusiwa, na anaokota udongo na kuula, kwa kuwa ndivyo anavyolisikiliza shamba. Anajua majira kwa ladha ya udongo. Baada ya hapo ulimwengu ule unaanza kubomoka taratibu, kwa sababu mjane Caldonia, ambaye naye ni Mweusi msomi, anashindwa kuamua awe nani kwa watu aliowarithi, na Moses anaanza kutumaini asichopaswa kukitumaini.

Karatasi zinaendelea kutuandama humo ndani. Usiku mmoja askari wa doria wanamsimamisha Augustus akiwa safarini na mkokoteni wake. Anatoa hati yake ya uhuru, kama alivyofanya mara nyingi, na wanamfahamu vizuri. Mmoja wao, Harvey Travis, anaichukua hati, anaitafuna na kuimeza, kisha anamuuza Augustus kwa mfanyabiashara wa watu aliyekuwa akipita. Mzee aliyetumia nusu ya maisha yake kuikomboa familia yake anapelekwa Georgia kama bidhaa, na huko anauawa kwa risasi baada ya kukataa kuwa mtumwa tena. Sijawahi kusoma maelezo ya utumwa yaliyonieleza zaidi ya kitendo kile cha kutafuna: uhuru wa mtu, katika nchi ile, ulikuwa kitu kinachoweza kuingia tumboni mwa mtu mwingine.

Jones hakuishia kuonyesha udhaifu wa karatasi, kwani yeye mwenyewe alitengeneza karatasi zake. Msimulizi hutuambia, kwa sauti ya mtunza kumbukumbu, kwamba mwaka 1855 kaunti ya Manchester ilikuwa na familia 34 za Weusi huru, na nane kati yake zilikuwa na watumwa. Anataja makarani wa sensa na makosa yao, anamleta Mkanada aliyechapisha vijitabu vya mahojiano, anaeleza nyaraka zilizopotea. Takwimu hizo zote ni za kubuni. Wasomaji wengi waliziamini na kudhani mwandishi alishinda maktabani miaka mingi, naye alilazimika kueleza katika mahojiano kwamba alizitunga.

Hapa pana jambo ambalo naona linastahili kusemwa kwa uwazi. Mwaka 1832, baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Nat Turner, Virginia ilipiga marufuku Mweusi huru kumnunua mtumwa yeyote asiye mke, mume au mtoto wake. Kwa sheria hiyo, Henry Townsend wa kweli asingeweza kumnunua Moses wala wale wengine. Je, Jones angevisoma vile vitabu 40, angeikuta sheria hiyo na kuiacha riwaya yake? Au angeipinda ili impitishe Henry? Wapo watakaosema kwamba kasoro hii inakishusha hadhi kitabu. Mimi naona inatuonyesha vizuri zaidi ni kitabu cha namna gani: hakidai kuwa historia ya Virginia, bali kinachunguza jinsi sheria inavyoingia moyoni mwa mtu na kukaa humo, na kwa kazi hiyo kaunti ya kubuni ilitosha. Anayetaka historia atamsoma Woodson, na itamfaa kuwasoma wote wawili.

Wanafunzi wa fasihi wanaifahamu istilahi ya msimulizi maizi, yule anayejua kila kitu. Kwa Jones umaizi huo una sura ya pekee, kwa kuwa msimulizi wake anajua yajayo kama ajuavyo yaliyopita, na huyataja katikati ya sentensi bila kubadili sauti. Mfano mzuri ni Stamford, mtumwa wa makamo ambaye haonekani kuwa na jema lolote, akishinda kuwahangaikia wasichana kwa imani kwamba ujana wao utamnusuru na mauti. Wakati bado tunamdharau, tunaelezwa kwamba mtu huyu atakuja kuanzisha, pamoja na mkewe, nyumba ya kulelea yatima Weusi mjini Richmond, na kwamba mwaka 1987 mtaa wa mji huo utapewa jina lao. Taharuki ya kawaida inapotea, lakini msomaji anapata kitu kingine badala yake: anazuiwa kumhukumu mtu kwa siku moja. Daftari la watumwa lilimwandika Stamford kwa jinsia, umri na bei. Msimulizi anamwandika kwa maisha yake yote, na yale yatakayobaki baada yake.

Jina la riwaya limetokana na ramani. Ofisini kwa sherifu John Skiffington, mtu mcha Mungu asiyetaka kumiliki watumwa ilhali kazi yake ni kuwarudisha waliotoroka, imetundikwa ramani kubwa ya kale inayohusishwa na Waldseemüller, Mjerumani aliyechora ramani ya kwanza kutumia neno Amerika, mwaka 1507. Ramani hiyo ina kichwa kinachosema huu ndio ulimwengu unaojulikana, na Amerika iliyomo imepungua, haikukamilika. Mwishoni mwa kitabu tunakutana na ramani nyingine. Ndugu wa Caldonia anaandika barua kutoka Washington, tarehe 12 Aprili 1861, siku ambayo Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilianza, akieleza kazi ya sanaa aliyoiona imetundikwa ukutani hotelini, iliyofumwa, kupakwa rangi na kufinyangwa kwa udongo. Inaonyesha kaunti nzima ya Manchester kama inavyoonekana kutoka juu, na pembeni yake ipo nyingine yenye shamba la Henry na kila mtu aliyeishi humo, hata waliokufa wakiwa wamesimama makaburini mwao. Aliyeitengeneza ni Alice, mwanamke ambaye watu wote shambani walimwona mwendawazimu na kumwacha azurure usiku kucha. Alikuwa akiikariri nchi, hatua kwa hatua, mpaka siku aliyotoroka. Hakuhitaji karatasi ya mtu yeyote. Sidhani kama ni bahati tu kwamba Jones, aliyeibeba kaunti kichwani miaka kumi, aliiweka kazi hiyo mikononi mwake, na kumpeleka Washington.

Tuzo zilifuatana upesi: ya wahakiki wa vitabu wa Marekani kwa mwaka 2003, Pulitzer mwaka 2004, na mwaka huo huo ufadhili wa MacArthur wa dola 500,000, mwaka 2005 akapata tuzo ya kimataifa ya Dublin yenye thamani ya euro 100,000. Hakununua gari. Mwaka 2010 alijiunga na walimu wa uandishi wa Chuo Kikuu cha George Washington, katika mji wake wa kuzaliwa.

Kitabu cha tatu kilirudi Washington, na ni hapa ambapo subira yake inaonekana kwa namna ambayo msomaji wa haraka huikosa. All Aunt Hagar's Children nayo ina hadithi 14, na kila moja ina uhusiano na hadithi yenye nafasi hiyo hiyo katika kitabu cha mwaka 1992, ya kwanza kwa ya kwanza, ya pili kwa ya pili, mpaka mwisho. Kinyozi Miles Patterson, aliyempa Betsy Ann wale njiwa katika kitabu cha kwanza, anatokea tena miaka 14 baadaye akiwa mtoto mchanga wa mwaka 1901, aliyetelekezwa juu ya mti na kuokotwa na wanandoa vijana waliohamia mjini kutoka Virginia. Mtu aliyepita kama kivuli katika kitabu kimoja anakuwa chanzo cha kingine. Hagar wa kichwa cha kitabu ni yule ambaye Biblia yetu humwita Hajiri, na Waislamu Bi Hajar, mjakazi wa Ibrahimu aliyefukuzwa jangwani na mwanawe. Watoto wa Shangazi Hajiri ni usemi wa zamani wa Weusi wa Marekani wa kujitaja wao kwa wao, na Jones aliusikia kwa mama yake.

Kila kimoja cha vitabu hivyo vitatu kina ukurasa wa tabaruku, na katika kila ukurasa huo mama yumo. Katika riwaya mwandishi anasema kwamba mama yao angeweza kufanya makubwa zaidi katika ulimwengu ulio bora. Katika kitabu cha tatu anawataja umati wa watu waliotoka Kusini mwa Marekani kutafuta maisha mengine, kisha anamtaja yeye, aliyekuja pamoja nao na kukuta kidogo kuliko hata kile kidogo alichothubutu kukitumaini. Maneno hayo yamechapishwa mwanzoni kabisa, kabla ya hadithi ya kwanza, mahali ambapo mtu aliyeketi na mama yake angeweza kumsomea.